Hadithi kwanza, jaketi baadaye: kwa anayeanza kukusanya vitabu vya Robert Aickman akiwa Uganda

Kila nikionyesha picha ya rafu yangu ya Aickman, hapakosi mtu wa kuniuliza, "Dada, We Are for the Dark naipata wapi?" Mara nyingi anayeuliza ni kijana aliyesoma hadithi moja au mbili kwenye simu, zikamnyima usingizi, na sasa anataka kuanzia kwenye kitabu cha kwanza kabisa, na jaketi lake, ile karatasi ya kufunika jalada, la mwaka 1951. Naielewa hamu hiyo. Lakini kitabu hicho kiweke mwisho, na huenda usikihitaji kamwe. Nikikueleza jinsi vitabu vya mtu huyu vilivyopangwa, utaona kwa nini.

Robert Aickman alizaliwa London mwaka 1914, akafariki Februari 1981. Babu yake mzaa mama alikuwa Richard Marsh, mwandishi wa The Beetle ya mwaka 1897, kwa hiyo kazi ya kuwatisha wasomaji aliikuta nyumbani. Hadithi zake fupi ni takriban hamsini tu, na mwenyewe alipenda kuziita hadithi za ajabu. Mwaka 1975 moja kati yake, "Pages from a Young Girl's Journal", ilimpatia World Fantasy Award. Hata hivyo hakuwahi kuwa mwandishi wa umati, na matoleo ya mwanzo ya vitabu vyake leo yanagombaniwa na watu wenye pesa nyingi kuliko sisi.

Sisi tumelelewa na masimulizi ambamo kila kitu kina mwenyewe. Jini ana jina lake, msezi, yule mchawi wa usiku, ana kijiji chake na majirani wanamjua, na ukienda kwa mtaalamu utaambiwa nani kakutumia nini. Aickman hakupi hata kimoja. Katika "The Hospice", mtu anapotea njia usiku, mafuta ya gari yanamwishia, anaingia nyumba ya wageni ambako chakula kinarundikwa sahanini hadi kinachosha, na mgeni mmoja mezani amefungwa mnyororo mguuni. Hakuna anayeuliza. Hakuna anayeeleza. Unafunga kitabu ukiwa na hakika kwamba umeona jambo zito, na huwezi kulitaja.

Mimi nilishikwa na "The Trains". Nimekulia kwenye landhi za reli hapa Tororo, baba akiwa mfanyakazi wa reli, na behewa za mizigo zikipita usiku vikombe vilikuwa vinagongana kabatini. Hadithi ile ni ya wasichana wawili wanaotembea kwa miguu hadi wakafika bonde ambamo treni hazikomi kupita, na nyumba moja iko kando ya njia ya reli. Niliijua nyumba ile. Nikasoma "The Waiting Room", ya mtu anayelazimika kulala stesheni, nikajua kwamba mwandishi huyu nitamkusanya mpaka mwisho.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza, kabla hujatoa hata shilingi, nunua daftari. Usiandike orodha ya vitabu. Andika orodha ya hadithi, kila moja mstari wake, na mbele yake vitabu vyote inamopatikana. Vitabu vya Aickman vinarudiana sana, na muuzaji hana sababu ya kukuambia.

Chukua hicho cha 1951. We Are for the Dark kilitolewa na Jonathan Cape na kina hadithi sita: tatu za Aickman, tatu za Elizabeth Jane Howard, bila kitabu kusema ipi ni ya nani. Za Aickman ni "The Trains", "The Insufficient Answer" na "The View". Basi "The View" ilirudi kwenye Dark Entries mwaka 1964. "The Trains" aliiweka yeye mwenyewe katika juzuu ya kwanza ya The Fontana Book of Great Ghost Stories, mwaka huohuo 1964, na humohumo akaweka "Three Miles Up" ya Howard, ambayo kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote sita. Kwa vitabu viwili vya jalada laini unakuwa umeshika theluthi mbili za kazi ya Aickman iliyomo katika kitabu kinachouzwa kwa mamia ya pauni. Imebaki "The Insufficient Answer", nayo imo katika mkusanyo mkubwa nitakaoutaja baadaye.

Au chukua Painted Devils, iliyotoka Marekani mwaka 1979. Ni hadithi za zamani alizozipitia upya. The Wine-Dark Sea ya 1988 na The Unsettled Dust ya 1990 zilipangwa baada ya kifo chake kutokana na vitabu vilivyotangulia. Hadithi yenyewe iitwayo "The Wine-Dark Sea" imo tayari katika Powers of Darkness ya 1966, na "The Unsettled Dust" imo katika Sub Rosa ya 1968. Tena The Wine-Dark Sea ya Marekani ina hadithi zaidi kuliko ya Uingereza, ingawa jina ni lilelile. Mtu asiye na daftari anaweza kununua vitabu vitatu akapata hadithi mpya za kitabu kimoja na nusu.

Ukiniuliza mpangilio wa kununua, nitakuambia hivi. Anza na Cold Hand in Mine, toleo lolote unaloliweza. Kilitoka kwa Gollancz mwaka 1975, kina hadithi nane, na "The Hospice", "The Swords" na ile iliyoshinda tuzo zote zimo. Faber walikichapa tena mwaka 2014, miaka mia tangu mwandishi azaliwe, pamoja na Dark Entries, The Wine-Dark Sea na The Unsettled Dust. Vitabu hivyo vinne vya Faber havina thamani ya mnada, lakini vinasomeka vizuri, vinapatikana, na ukiangusha chai juu yake hakuna atakayelia. Mkusanyaji asiyesoma vitabu vyake simhesabu. Nasema hivyo nikijua wapo watakaokasirika.

Baada ya hapo ingia mtaani, na hapa ndipo Uganda inapokuwa na baraka zake. Kati ya 1964 na 1972 Aickman alihariri juzuu nane za kwanza za hizo Great Ghost Stories za Fontana. Baada yake kazi iliendelezwa na R. Chetwynd-Hayes mpaka juzuu ya ishirini, kwa hiyo soma jina la mhariri kabla ya kulipa. Vilikuwa vitabu vidogo vya bei ndogo, vya kusomwa safarini, na vilifika huku pamoja na walimu, wahandisi, wamisionari na familia za Kihindi zilizokuwa na maduka katika kila mji. Wengine waliondoka wakiwa na sanduku moja tu. Vitabu vilibaki. Bado vinazunguka, kutoka sebule hadi sanduku la bati, kutoka sanduku la bati hadi turubali la muuza vitabu.

Mimi huvitafuta Kampala kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandika karibu na Old Taxi Park na upande wa Wandegeya, karibu na Makerere. Mbale pia kuna bahati. Usiulize "una Aickman?" Hakuna anayemjua. Uliza vitabu vya zamani vya Kiingereza vyenye maandishi madogo, kisha uchuchumae upekue mwenyewe, kwa subira, kwa salamu ndefu. Muuzaji huvipanga kwa ukubwa au kwa somo la shule. Fontana hukaa chini kabisa, chini ya riwaya za mapenzi na vitabu vya hesabu. Huwa nalipa kati ya shilingi 5,000 na 10,000. Akitaka 20,000 kwa sababu ameona macho yako yameng'aa, cheka naye, weka kitabu, zunguka, rudi.

Wapo pia walokole. Mtu akiokoka, vitabu vyenye mafuvu na mashetani jaladani ndivyo vya kwanza kutoka nyumbani kwake, na mara nyingi njia yake ni jalalani au motoni. Usibishane na imani ya mtu. Nimewaomba jamaa na majirani, kwa heshima, kwamba kabla ya kuchoma waniite, na wengi wameona hilo halina ubaya. Juzuu yangu ya nne ya Fontana ilipatikana hivyo, kutoka kwa mama mmoja mtu mzima aliyenipa bure na kuniombea dua juu yake.

Ukikipata, kisome nyuma kabla ya mbele. Uingereza ilibadili sarafu yake Februari 1971, ikaacha shilingi na kuingia pensi za desimali. Kwa hiyo juzuu ya kwanza yenye bei ya shilingi ilichapwa kabla ya hapo. Yenye bei ya pensi peke yake ni chapa ya baadaye. Kisha fungua nyuma ya ukurasa wa jina uone orodha ya chapa. Kwa msomaji tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mkusanyaji ndiyo raha yenyewe. Usisahau kusoma utangulizi wa kila juzuu, isipokuwa ya sita ambayo haina: Aickman aliuandika mwenyewe, na ukizisoma tangulizi zile kwa mfululizo unapata fikra zake zote kuhusu hadithi ya mizimu ni nini na si nini. Kuna watu wenye matoleo ya bei kubwa ambao hawajawahi kuzisoma.

Kuagiza kutoka ng'ambo ndiko watu wanakokuogopa, na mimi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Nafanya uwakala wa forodha Malaba. Vitabu vilivyochapwa, chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vimo katika kichwa namba 4901, na ushuru wake wa kuingiza ni asilimia 0. Usikubali mtu akutishe. Lakini ushuru sifuri hauzuii gharama nyingine: kampuni za kusafirisha vifurushi kwa haraka hutoza ada zao za kushughulikia mzigo, na kwa kitabu cha pauni 6 ada hiyo inaweza kukizidi kitabu. Kwa kitabu kimoja kidogo, posta ya kawaida inatosha. Kifurushi kidogo cha posta kinaruhusiwa hadi kilo 2, na Fontana tano hazifiki hapo. Uwe na sanduku la posta, lako au la ofisi, liandikwe sawasawa pamoja na namba yako ya simu, na ukiletewa karatasi ya wito nenda na kitambulisho.

Mwambie muuzaji aandike kwa nje, waziwazi, kwamba ndani ni vitabu vilivyotumika, pamoja na bei ya kweli. Wapo wanaomwomba aandike "zawadi" au ashushe bei. Usifanye hivyo. Kwanza ni uongo. Pili, bei ya uongo ndiyo utakayofidiwa mzigo ukipotea. Tatu, afisa anayefungua bahasha iliyoandikwa zawadi na kukuta risiti ndani ana haki ya kukushuku, na wakala wako atakuwa hana neno la kukutetea.

Njia niipendayo zaidi ni ya watu. Kila ukoo hapa una mtu London, Leicester au Birmingham. Binamu yangu hupokea vitabu vyangu kwake, navyo huja na yeyote anayerudi kwa harusi au msiba. Inachukua miezi. Lakini kitabu kinakuja kimefungwa ndani ya nguo, hakijatupwa na mashine, na unaweza kununua kwa wauzaji wasiotuma Afrika. Ni wengi hao. Wengine ukiwaandikia barua nzuri, ukawaeleza unachokusanya na kwa nini, hubadili msimamo.

Kabla ya kulipa mtandaoni omba picha nne: jalada la mbele, mgongo, ukurasa wa hakimiliki, na sikio la ndani la jaketi. Picha iwe ya nakala hiyohiyo, siyo ya duka. Uliza kama ni ya maktaba, maana mihuri na mfuko wa kadi hupunguza bei sana, na kwako wewe unayetaka kusoma hiyo ni habari njema. Uliza kama kona ya jaketi yenye bei imekatwa. Uliza kuhusu harufu. Muuzaji mwaminifu hujibu swali la harufu bila kuona ajabu. Anayejikausha, achana naye.

Kitabu kikishafika, adui wako ni hewa. Huku kwetu mvua ya Machi hadi Mei haijakauka vizuri, ile ya Septemba inakaribia. Jalada gumu la Gollancz au Collins lililokaa Uingereza miaka hamsini bila doa linaweza kuota ukungu Kampala katika msimu mmoja. Usiegemeze rafu kwenye ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole viwili nyuma ya vitabu hewa ipite. Sanduku la bati ni zuri dhidi ya panya, lakini linatoa jasho. Likikulazimu, lifungue kila wiki. Vile vipakiti vya chembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, kusanya, viweke. Miguu ya rafu isiguse udongo wala ukuta, na kagua mchwa wakati wa mvua, maana mchwa hula kurasa na kukuachia jalada limesimama.

Tulivyofundishwa shuleni, kufunika kitabu kwa gazeti, iache kwa vitabu hivi. Karatasi ya gazeti ina tindikali, inageuka manjano na kuambukiza jalada. Tumia nailoni laini isiyo na gundi. Selotepu isikaribie kabisa. Na tafadhali, kitabu kilichoachia mgongo usikipeleke Nasser Road kikafungwe upya. Mafundi wa pale wana mikono ya ajabu, risala na ripoti wanazifunga vizuri kuliko mtu yeyote Kampala, lakini kazi yao huanza kwa kukata kingo, na kingo zikikatwa toleo la kwanza limekufa. Funga kwa utepe wa pamba, kaa nacho hivyohivyo.

Mwisho kabisa ndiyo tuseme vile vya gharama. Tartarus Press, wachapishaji wadogo wa Yorkshire, walitoa The Collected Strange Stories mwaka 1999 pamoja na wachapishaji wenzao Durtro, juzuu mbili nzito. Hiyo ndiyo njia ya "The Insufficient Answer" bila kuuza shamba, ingawa nayo sasa si rahisi. Tartarus wameendelea kuchapa vitabu vyake kimoja kimoja, kwa karatasi nzuri na jaketi za rangi ya malai, na R. B. Russell wa hukohuko akaandika wasifu wake, uliotoka mwaka 2022. Wasifu huo ununue mapema kuliko unavyodhani. Ukipenda kitu cha kutazama, tafuta Cold Hand in Mine na Painted Devils za Scribner's wa Marekani. Majaketi yake yalichorwa na Edward Gorey, na kwa macho yangu hakuna vitabu vya Aickman vizuri zaidi ya hivyo. Huwa havifikii bei ya matoleo ya kwanza ya Uingereza ya miaka ya 1960. Compulsory Games ya NYRB (New York Review Books), mwaka 2018, imekusanya vilivyokuwa vigumu kupatikana na bado ina bei ya binadamu.

Utakutana pia na vitabu vyake kuhusu mifereji. Usidhani ni Aickman mwingine. Mwaka 1946 yeye na Tom Rolt walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Inland Waterways Association, chama kilichopigania mifereji ya zamani ya Uingereza isifukiwe, na Howard alifanya kazi hapo kama katibu; ndiyo maana "Three Miles Up" inakwenda kwa mashua. Know Your Waterways ya 1955 hupatikana kwa bei ndogo. Mimi ninacho na ninakipenda. Mtu anayejua njia za maji zilizosahauliwa kwa majina yake ndiye anayeweza kuandika mahali ambapo ramani inaisha.

Kwa walio Tororo, Mbale, Busia na Malaba, tubadilishane. Nina nakala za ziada za juzuu ya pili na ya tano za Fontana. Ya pili nitampa anayeanza, bure, akinionyesha daftari lake la hadithi. Ya tano naibadilisha kwa ya nane yoyote, hata jalada likiwa limechanika, mradi utangulizi umo wote.